Mlolongo wa 1988: Miguu Uwanjani, Moyo Kwingine



Neno mlolongo bila shaka umekwisha kukutana nalo: mlolongo wa magari, mlolongo wa matukio. Lakini ukimtajia Mkenya aliyekuwa mtu mzima mwaka 1988, atakumbuka jambo jingine. Kwake yeye, mlolongo ni jina la uchaguzi.

Wakati huo Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja. Tangu Juni 1982, kifungu cha 2A cha katiba kiliifanya KANU kuwa chama pekee cha kisheria. Mwaka 1986 chama hicho kiliamua kwamba wateule wake wa ubunge wapatikane kwa kupanga mstari, si kwa karatasi na sanduku. Februari 1988 uamuzi huo ukatekelezwa. Wanachama walisimama uwanjani nyuma ya mgombea wamtakaye, au nyuma ya wakala aliyeshika picha yake, nao wakahesabiwa. Aliyepata asilimia 70 au zaidi alipita moja kwa moja, bila kungoja kura ya siri ya mwezi Machi.

Watetezi wa utaratibu huo walisema kwamba ni wa wazi, na jambo la wazi haliibiwi. Hoja hiyo inavutia, mpaka ujiweke uwanjani. Mbele yako ipo mistari miwili. Mmoja ni wa mtu anayependwa na chifu. Mwingine ni wa mtu unayemwamini wewe. Chifu yupo, anatazama. Mwenye duka anayekukopesha unga yupo. Mkweo yupo. Je, miguu yako itaufuata moyo wako?

Hapo ndipo penye funzo. Msimamo wa kisiasa hauzaliwi siku ya uchaguzi. Huanzia nyumbani, hukua sokoni, msikitini na kanisani, hupata sauti redioni na katika mabishano ya barazani. Kisha kila mtu huupima peke yake, na pengine huubadilisha. Kazi hiyo ya mwisho yahitaji faragha. Mlolongo uliiondoa faragha hiyo. Ulipima woga, ukauita maoni.

Hata uwazi wenyewe haukusalimika. Katika sehemu nyingi watu walilalamika kwamba mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu. Ushahidi ungetoka wapi? Karatasi zaweza kuhesabiwa upya. Watu wakishatawanyika, hakuna cha kuhesabu tena.

Manung'uniko hayo hayakufa. Viongozi wa makanisa walikuwa wamepinga tangu mwanzo. Mei 1990, Kenneth Matiba, aliyejiuzulu uwaziri mwaka 1988, na Charles Rubia, aliyepoteza kiti chake cha ubunge mwaka huohuo, walidai hadharani mfumo wa vyama vingi. Julai wakatiwa kizuizini. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha KANU iliuacha mlolongo, na Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa.

Sasa linganisha. Mwaka 1988 Rais Daniel arap Moi alipita bila kupingwa. Tarehe 29 Desemba 1992, mbele ya wapinzani na kwa kura ya siri, alishinda kwa takribani asilimia 36 tu. Wengi waliomchagua mwingine hawakuzaliwa katika miaka hiyo minne. Walikuwapo, ila hawakuwa na mahali salama pa kusema.

Kura ya siri haikumaliza rushwa wala ukabila. Lakini ilimpa mnyonge nafasi ambayo mstari haukumpa: aliyehongwa kilo ya sukari aliweza kuila, kisha akapiga kura apendavyo. Ndiyo maana ibara ya 81 ya Katiba ya Kenya ya 2010 yataka uchaguzi uendeshwe kwa kura ya siri.

Katika nchi jirani ya Uganda, Julai 2018, wenyeviti wa vijiji walichaguliwa kwa wananchi kupanga mstari nyuma ya wagombea. Njia hiyo ni ya haraka na haihitaji karatasi nyingi. Ila kesho yake, wewe na jirani uliyempa mgongo mtakutana kisimani.

Kwa hiyo, mwanafunzi wangu, kabla hujajibu kama uwazi ni bora kuliko siri, jiulize kwanza: ni nani anayetazama, na anaweza kukufanya nini?