Mafia kabla ya Papa Potwe

Mgeni avukaye kwenda Mafia siku hizi aghalabu huwa na haja moja, nayo ni kumwona papa potwe, samaki aliye mkubwa kuliko samaki wote wa dunia, ambaye tangu Oktoba hata Machi hukaribia pwani ya Kilindoni kutafuta uduvi; wala haja hiyo si ya kubezwa, ila bahari ile ina tarikhi yake.

Katika kisiwa cha Juani yamo magofu ya Kua, mji wa misikiti na majumba ya mawe, ambao Wasakalava wa Bukini waliuhujumu katika miongo ya mwanzo ya karne ya 19, wakawachukua watu mateka, nao haukuinuka tena. Hadhi ikahamia Chole. Na Wajerumani, walioipata Mafia mwaka 1890, Sultani wa Unguja akalipwa mark milioni 4 kwa kisiwa hicho pamoja na mrima, walikaa papo hapo Chole mpaka 1913, walipohamishia serikali yao Kilindoni. Hawakuifaidi sana Kilindoni, maana Januari 1915 Waingereza waliwatoa.

Dola zikija na kuondoka, mafundi wa Jibondo waliendelea kuunda vyombo, na kwa rai yangu wao ndio wanaostahili kuzuriwa kwanza. Fundi huulaza mkuku mchangani, akachonga mataruma kwa tezo, akipima kwa jicho. Kisha mbao zikishapigwa misumari, huja kazi ya kalafati, yaani kushindilia pamba iliyoloweshwa sifa katika kila mwanya, na harufu ya mafuta yale ya papa haikutoki nguoni upesi.

Mwaka 1995, baada ya baruti kuharibu matumbawe mengi, ilianzishwa hapa hifadhi ya bahari ya kwanza ya Tanzania, yenye sheria ambazo, si ajabu, hazikumridhisha kila mvuvi, maadamu anayekatazwa nyavu zake leo ana watoto wa kulisha leo. Ama papa potwe, wataalamu waliomfunga vyombo vya kutoa sauti wamebaini kwamba wengi wao hawaondoki Mafia mwaka mzima, bali miezi mingine hujitenga na ufuko na kushuka kilindini. Msimu wake ukiwadia huyafuata makundi yale yale ya dagaa wanayoyazungushia wavuvi nyavu, na pengine hujikuta ndani ya duara, akawa hana budi kungoja wamfungulie njia.