Boma la Mombasa na Matongo ya Kasongo

Kila mtu wa Kasongo ajua jina la Tongoni, lakini si wote wanaofikiri maana yake. Tongo ni mahali palipokaliwa na watu, kisha pakaachwa. Hapo ndipo Tippu Tip, ambaye jina lake halisi ni Hamed bin Muhammed, alipofanya makao yake makuu yapata mwaka 1875. Alipokwisha kurudi Unguja, mwanawe Sefu alibaki akitawala, hata tarehe 22 Aprili 1893 askari wa Dhanis wakauteka mji. Kabambare nayo ikatekwa Januari 1894. Ukuta wa udongo hauna maisha marefu. Mvua huurudisha ulikotoka. Basi leo mgeni akituambia, «Nionyesheni mji wenu wa zamani,» twamwonyesha majani.

Huko Mombasa mambo ni mengine. Wareno walianza kujenga boma lao la Yesu mwaka 1593, kwa ramani ya Cairati, mtu wa Milano, na mwaka 1596 kazi ikaisha. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe. Toka 1895 hata 1958 boma hilo lilikuwa gereza. Kisha likafanywa nyumba ya makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO ikalitia katika urithi wa ulimwengu. Ndani mna vyungu vya watu wa pwani, sahani za Kichina, na picha za merikebu walizochora Wareno ukutani. Mna pia vitu vilivyotolewa chini ya bahari, katika merikebu Santo António de Tanná iliyozama mbele ya boma mwaka 1697. Wakati huo Waarabu wa Omani walikuwa wamelizingira. Walianza Machi 1696, wakaingia Desemba 1698, baada ya njaa na magonjwa kuwamaliza waliokuwamo. Na waliokuwamo hawakuwa Wareno peke yao. Watu wa Faza, Waswahili na Waislamu, waliteseka pamoja nao. Basi anayesema kwamba vita vile vilikuwa vya dini mbili tu, hajasoma vizuri.

Lakini kitu kinachotufundisha zaidi ni jiwe lililo juu ya lango. Liliandikwa kwa ajili ya kapteni Cabreira, aliyewekwa mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27. Lasema kwamba alilijenga upya boma, akawatiisha watu wa pwani walioasi pamoja na mfalme wao mjeuri, akabomoa kuta za Pate na Siu, akawaua wakubwa wa Pemba. Yote hayo yameandikwa kama sifa.

Je, mfalme yule mjeuri alikuwa nani? Jina lake Yusuf bin Hasan. Mwaka 1614 baba yake aliuawa kwa hila ya Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na Mapadri Waagustino, akabatizwa jina la Jerónimo. Mwaka 1626 akarudishwa Mombasa kutawala. Hata Agosti 1631 akaingia bomani, akamwua kapteni, akaiacha dini ya Kikristu. Na Wakristu wengi, Wareno na Waafrika, wanaume, wanawake na watoto, wakauawa kwa kukataa kuiacha imani yao. Sisi twawaheshimu marehemu hao. Damu ya baba haikumpa Yusuf ruhusa ya kumwaga damu ya watoto. Walakini jiwe la langoni halitaji kifo cha baba. Mwenye kuandika jiwe ndiye aliyeshinda, naye huandika nusu iliyo yake.

Sasa turudi kwetu. Wataalamu wa mambo ya kale wamekwisha kuchimba katika ardhi ya Kasongo, kwa hiyo haifai kusema kwamba hatuna kitu. Mchele tunaokula uliletwa Maniema na Wangwana. Kiswahili tunachosalia kililetwa nao. Lakini njia iliyoleta mchele na lugha ndiyo njia iliyopeleka watumwa. Mwaka 1871 Livingstone aliona kwa macho yake watu wakipigwa risasi sokoni Nyangwe. Tena walioiangusha Kasongo mwaka 1893 hawakuwa Wazungu tu. Gongo Lutete na watu wake, waliokuwa zamani upande wa Tippu Tip, walipigana pamoja nao, na mwaka ule ule maofisa wa Dola ya Léopold wakamwua Gongo Lutete.

Twasema haya kwa sababu vijijini mwetu wajukuu wa mshikaji na wajukuu wa mshikwa wakaa kitongoji kimoja, wachota maji kisima kimoja, waoana. Neno «mtumwa» bado hurushwa kama jiwe siku ya ugomvi wa shamba. Siku moja Kasongo ikijengewa nyumba ya makumbusho, isiwe ya bunduki na vitambaa vya wakubwa tu. Iwekwe na minyororo, na jembe la mama aliyelima mpunga usio wake.

Kabla ya siku hiyo, kazi ni yetu. Ukichimba shamba ukaona ushanga au kigae, usikitupe wala usikiuze. Kionyeshe kwa mwalimu wa shule. Ukiwa na mzee nyumbani, mwulize, uandike. Mwulize na jirani yako ambaye babu yake alikuwa upande mwingine. Mombasa wana jiwe linalosema nusu ya habari. Sisi hatuna jiwe; basi tuandike habari nzima.