Bastola kiunoni au vichaka vya Newala?

Wadau, rafiki yangu mfanyabiashara wa Masasi alinusurika kuporwa pesa za korosho usiku. Sasa kaniuliza: bastola ipi ndogo, ya kuficha kiunoni? Nikamwambia tuanze na historia.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaleta Masasi watumwa walioachiwa huru, wakaanzisha kijiji cha misheni. Mwaka 1882 Wangoni, walioitwa Magwangwara, wakakivamia na kuteka watu. Misheni ikahamia Newala, kwa chifu Matola.

Enzi hizo gobori zilikuwepo, ila ukishafyatua moja unaanza kushindilia upya, na adui keshafika. Silaha kubwa ya Wamakonde ilikuwa mahali penyewe: uwanda wa juu, vichaka vizito, njia nyembamba. Maji hakuna, akina mama wakashuka bondeni kuyafuata. Walikubali kiu wapate usalama.

Bastola ndogo hubeba risasi chache, tena kwa leseni, chini ya sheria ya silaha ya 2015. Zikiisha je? Nimemshauri kwanza abadili saa na njia, asitembee na fedha peke yake. Amenuna, lakini jana kaenda benki mchana, na wenzake wawili.