Nembo na Sauti: Filamu za Katuni na Kanda za Video katika Mitaa ya Mashariki ya Nairobi

Historia ya televisheni na video nchini Kenya huelezwa aghalabu kama historia ya mitambo: mwaka ambao kituo kilifunguliwa, mwaka ambao picha za rangi ziliingia, mwaka ambao kaseti ziliachia nafasi sahani. Kwa maelezo ya namna hiyo, mtazamaji huwa mpokeaji tu, na lugha huwa jambo la pembeni. Makala haya yanakusudia kuitazama historia hiyo kwa upande wa lugha. Hoja yake ni kwamba katika mitaa ya Mashariki ya Nairobi, yaani Eastlands, nembo iliyoifanya kanda itafutwe haikuwa sikuzote ile ya kampuni iliyotengeneza filamu, bali jina la msimulizi aliyeileta filamu hiyo katika Kiswahili. Hoja ya pili yafuata ya kwanza: yale waliyoyafanya wasimulizi kwa filamu za mapigano yangaliweza kufanywa mapema zaidi, na kwa njia halali, kwa katuni za watoto. Kwa hiyo ipo historia iliyotokea, na ipo ile ambayo ingaliweza kutokea. Kuzilinganisha hizi mbili si mchezo wa kubuni, bali ni njia ya kujua ni uamuzi gani uliokosekana.

Sauti kabla ya kanda

Yafaa kukumbuka kwamba kuitia picha ya kigeni maneno ya Kiafrika si jambo lililoanza na video. Kati ya mwaka 1935 na 1937 kulikuwa na jaribio la sinema ya elimu kwa Waafrika, lililokuwa na makao yake Vugiri, Tanganyika, chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham. Filamu zake zilitembezwa katika nchi za Afrika ya Mashariki na ya Kati, na maneno yake yalirekodiwa katika sahani za santuri zilizochezwa kando ya picha, ili picha moja iweze kusema kwa lugha mbalimbali. Baadaye magari ya sinema ya serikali ya kikoloni yalizunguka huku na huku, na msimulizi akaeleza kwa kipaza sauti yaliyokuwa yakionekana katika kitambaa.

Makusudi ya kazi hiyo yalikuwa ya kikoloni, na hapana haja ya kuyapamba. Lakini kwa upande wa ufundi, jambo moja lilithibitishwa kabla ya Vita Kuu ya Pili: sauti na picha vyaweza kutenganishwa, na lugha ya filamu si sehemu ya maumbile yake.

Televisheni ya taifa na katuni

Televisheni ilianza nchini Kenya mwaka 1962. Mwaka 1964 shirika la utangazaji lilitwaliwa na serikali likawa Sauti ya Kenya, na mwaka 1989 likarudishiwa jina la Shirika la Utangazaji la Kenya. Katika muda huo wa robo karne, Kiswahili kilipata vyeo vikubwa. Mwaka 1974 kilianza kutumiwa katika majadiliano ya Bunge. Mwaka 1985, mfumo mpya wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza, kikawa somo la lazima lenye mtihani. Katika televisheni yenyewe, michezo kama Vioja Mahakamani na Vitimbi ilionyesha kwamba watazamaji wa Kiswahili wapo, na waigizaji mahiri wapo.

Katuni za kigeni hazikuguswa na mabadiliko hayo. Zilinunuliwa zikiwa kwa Kiingereza, zikaonyeshwa kwa Kiingereza. Mtoto wa Jericho, Kaloleni au Makadara aliyeingia darasa la kwanza mwaka 1985 alikutana na Kiswahili sanifu katika kitabu cha shule na katika hotuba ya kiongozi. Mnyama aliyechorwa, anayekimbia na kuanguka na kuinuka tena, alisema Kiingereza. Kwa maneno mengine, Kiswahili kilipewa mtihani, na Kiingereza kikapewa mchezo. Wasomi wa lugha wanajua ni ipi kati ya hizo mbili huingia moyoni mwa mtoto kwa wepesi zaidi.

Ajabu ni kwamba katuni ndiyo filamu iliyo nyepesi zaidi kutiwa sauti mpya. Mdomo uliochorwa haufuati kila silabi kama mdomo wa mtu hai. Isitoshe, katika filamu nyingi za katuni sauti hurekodiwa kwanza, kisha mchoraji akaifuata. Kwa hiyo sauti ni kitu kilichokwisha kutengwa na picha tangu mwanzo wa kazi. Chumba kimoja cha kurekodia, waigizaji wachache wa redio na mfasiri mmoja mwangalifu wangalitosha kuanzia.

Kanda, vibanda na maneno mapya

Kampuni ya Sony ilitoa mtambo wa Betamax mwaka 1975, na JVC ikatoa VHS mwaka 1976. Ushindani wa nembo hizo mbili umeandikwa sana katika nchi za viwanda, ambako video ilikusudiwa kuwa chombo cha sebuleni. Katika Eastlands chombo hicho kilipata maisha ya namna nyingine. Mitaa hii ilijengwa kwa vipindi: Pumwani katika miaka ya 1920, Kaloleni katika miaka ya 1940, Buruburu na Dandora katika miaka ya 1970. Ni mitaa ya vyumba vidogo na watu wengi, ambako deki na televisheni vilikuwa mali ya wachache. Kwa hiyo video ya nyumbani ikawa video ya kibanda: mabenchi, televisheni moja, na ubao mlangoni ulioandikwa kwa chaki majina ya filamu za siku hiyo.

Mitaa hiyo hiyo ndiyo inayotajwa na M. H. Abdulaziz na Ken Osinde, katika makala yao ya mwaka 1997, kuwa chimbuko la Sheng. Si ajabu basi kwamba kibanda kikawa mahali pa kuzalia maneno. Mfano ulio wazi ni Makmende. Kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, neno hili linatokana na maneno "make my day" yanayosemwa na Clint Eastwood katika filamu ya Sudden Impact ya mwaka 1983. Vijana wa Nairobi waliyasikia kama jina, wakamwita Makmende mtu yeyote anayejifanya shujaa.

Neno hilo lastahili kuchunguzwa kidogo. Sentensi nzima ya Kiingereza imegeuka nomino. Irabu unganifu zimepunguzwa zikawa irabu moja moja. Konsonanti "d" imepata king'ong'o mbele yake ikawa "nd", jambo la kawaida katika lugha nyingi za Kibantu. Mfuatano wa "km" haukutiwa irabu katikati, kama ambavyo ingaliwezekana katika matamshi ya pwani. Na kwa upatanisho wa kisarufi, neno limepokewa katika ngeli ya watu. Kundi la muziki la Just a Band lilipomfufua shujaa huyo katika video ya mwaka 2010, habari iliyoenea ilikuwa "Makmende amerudi", wala hakuna aliyehitaji kufundishwa upatanisho huo. Filamu ilikuwa mali ya Hollywood. Neno likawa mali ya mtaa.

Nembo inapokuwa sauti

Kanda za vibandani nyingi zilikuwa nakala za nakala. Kila kanda iliponakiliwa, picha ilififia na sauti ikazidi kukwaruza. Jalada la asili lilipotea, na pamoja nalo nembo ya kampuni. Maneno ya Kiingereza, yaliyokuwa magumu kwa wengi hata katika kanda safi, yalizidi kuwa magumu katika kanda iliyochakaa. Yaelekea kwamba pengo hilo ndilo lililompa msimulizi nafasi yake.

Nchini Kenya msimulizi mashuhuri kuliko wote ni DJ Afro, ambaye masimulizi yake ya filamu za Kichina, za Kihindi na za Kimarekani, kwa Kiswahili chenye Sheng, yameenea vibandani na majumbani. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, ambaye kazi yake imechunguzwa na Matthias Krings katika kitabu chake cha mwaka 2015. Kampala nayo ina wasimulizi wake wanaotumia Kiganda.

Kazi hii si tafsiri tu, wala si kuingiza sauti kwa maana ya studio. Msimulizi huishusha sauti ya asili, kisha yeye peke yake akawa shujaa, adui, mama mzazi na mpita njia. Huwapa wahusika majina mapya, hueleza nia zao, huwakejeli, na huwaonya kwa methali. Mwenye kuijua fasihi simulizi atamtambua mara moja: huyu ni mtambaji, isipokuwa picha imekwisha kuchorwa na mtu mwingine. Ulimwengu umewahi kumwona mwenzake. Katika zama za filamu bubu Japani ilikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, na watazamaji wengi walikwenda kumsikiliza benshi fulani kuliko kutazama filamu fulani.

Hapo ndipo nembo ilipohama. Mnunuzi aliomba kanda, na baadaye sahani, kwa jina la msimulizi. Jina hilo lilimhakikishia yale ambayo nembo yoyote hukusudiwa kuhakikisha, yaani ubora unaojulikana na lugha inayoeleweka. Lakini kisheria lilikuwa jina lisilo na makao. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humlinda mwenye filamu, naye msimulizi asiye na kibali hubaki mvunja sheria, hata kama sanaa ya sauti yake ni yake mwenyewe.

Kiswahili kama nembo ya wengine

Wakati Kiswahili cha kibandani kilikuwa hakina hati, Kiswahili cha katuni kilipata hati mbali na nyumbani. Filamu ya The Lion King ya kampuni ya Disney ilitoka mwaka 1994, ikiwa na Simba, Rafiki na Pumbaa. Kanda zake za video, zilizotolewa mwaka 1995, ziliuzwa kwa zaidi ya milioni 30. Filamu hiyo ilitiwa sauti kwa Kizulu. Kiswahili, kilichotoa majina, hakikupewa nafasi hiyo. Maneno "hakuna matata", ambayo Them Mushrooms wa Kenya walikwisha kuyaeneza kwa wimbo wa Jambo Bwana tangu mwanzo wa miaka ya 1980, yalisajiliwa Marekani mwaka 2003 kuwa alama ya biashara ya Disney kwa mavazi. Watu wengi wa Afrika ya Mashariki walitambua jambo hilo mwaka 2018 tu, ombi la kulipinga lilipopata sahihi nyingi.

Nairobi yenyewe ilipata kiwanda cha katuni katika Tinga Tinga Tales, iliyoanza kuonyeshwa Uingereza mwaka 2010. Wachoraji walifanya kazi Nairobi, katika Homeboyz. Mtindo ulitokana na shule ya uchoraji ya Edward Saidi Tingatinga wa Tanzania. Lugha ya kazi ilikuwa Kiingereza. Ilikuwa mwaka 2014, Ubongo Kids ilipoanza Dar es Salaam, ndipo katuni ya mfululizo iliyotungwa kwa Kiswahili ilipopata watazamaji wengi. Kati ya Vugiri na hapo ni karibu miaka 80.

Historia ya -ngali-

Itasemwa kwamba fedha hazikuwapo. Pingamizi hilo lina uzito, kwani haki za kutafsiri hulipiwa. Lakini sauti ilikuwapo, vyumba vya redio vilikuwapo, na waigizaji walikuwapo. Msimulizi wa mtaani alifanya kazi hiyo kwa deki mbili na kipaza sauti. Kilichokosekana ni uamuzi kwamba mchezo wa mtoto ni sehemu ya sera ya lugha.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba historia hiyo nyingine ingalikuwa njema tupu. Shirika la serikali lingalitumia Kiswahili sanifu, na kila neno lingalipitishwa na mkaguzi. Katuni ingalisema vizuri, lakini huenda isingalisema kama Dandora. Makmende asingalizaliwa, kwa kuwa asingalihitajika: neno hilo lilitokana na sikio lililoachwa peke yake mbele ya lugha ngeni. Kwa hiyo hasara na faida zimechanganyika. Mtoto alinyimwa Kiswahili cha katuni. Mtaa, kwa kunyimwa huko, ukajifunza kujitengenezea lugha na nembo yake.

Hitimisho

Mwaka 2016 kiwanda cha Funai cha Japani, cha mwisho kujulikana, kiliacha kutengeneza deki za VHS. Utepe wa sumaku huharibika kwa joto, unyevu na miaka. Masimulizi yaliyorekodiwa juu ya filamu za watu wengine hayana mwenye kuyahifadhi kirasmi, kwa sababu maktaba huogopa sheria na kampuni za filamu hazina haja nayo. Lakini kwa mwanaisimu ni hazina: saa nyingi za Kiswahili cha mjini, kinachosemwa kwa wepesi na ufundi mbele ya hadhira inayokijua. Vyuo vimeandika ngano za wazee wa vijijini kwa bidii, na vilifanya vyema. Mtambaji wa kibandani anastahili bidii hiyo hiyo, naye bado yu hai na anaweza kuulizwa. Kanda zake hazitangoja.