Kanisa juu ya mlima wa matofali

Ukitoka mji mkuu wa Meksiko na kushika njia ya mashariki, kwa muda wa saa mbili hivi unafika Cholula. Ungali mbali unaona kilima chenye majani na miti, na juu yake kanisa la rangi ya manjano, lenye minara miwili na kuba. Upande wa magharibi unasimama Popocatépetl, mlima wa moto. Tulimwuliza mwenzetu wa safari, mwenyeji wa kule, jina la kilima kile. Akacheka, akasema: «Siyo kilima, ni nyumba.»

Kweli ni nyumba. Ni piramidi iliyoota majani. Watu wa kale waliiita Tlachihualtepetl, maana yake mlima uliofanywa kwa mikono. Upande mmoja wa msingi wake wapita meta 400, na kimo chake ni meta 60 hivi. Piramidi kubwa ya Misri ni ndefu zaidi, lakini kwa wingi wa vitu vilivyotumika kujenga, hii ya Cholula yazishinda zote za dunia. Haikujengwa kwa mara moja. Walianza karne chache kabla ya kuzaliwa Bwana wetu, na kila kizazi kilifunika kazi ya wazee wake kwa jengo lingine kubwa zaidi, la matofali mabichi, kama kitunguu kilivyo ganda juu ya ganda. Tangu mwaka 1931 wataalamu walichimba njia ndani yake ili kuyaona majengo yale ya zamani; njia hizo zote pamoja zina urefu wa kilometa 8 hivi.

Tulipanda kwa miguu. Cholula iko juu ya meta 2,100 kutoka baharini, na sisi tuliozoea hewa ya ziwa Tanganyika tulihema kama wazee. Bibi mmoja mwenye kikapu cha maua alitupita bila kutuangalia. Alikuwa anampelekea Bikira Maria wa Remedios, mwenye kanisa lile, lililojengwa katika karne ya 16. Matetemeko ya nchi yameliharibu zaidi ya mara moja, hata lile la tarehe 19 Septemba 1917... la, tulikosea katika daftari letu: ni 2017. Kila mara watu hulitengeneza tena.

Wengi husema kwamba pale Wahispania walivunja hekalu, wakaweka kanisa mahali pake. Sivyo kabisa. Walipofika, piramidi ilikuwa imeachwa tangu karne nyingi, miti imeota. Juu palibaki mahali padogo pa kuombea mvua. Hekalu kubwa la siku zile, la Quetzalcoatl, lilisimama chini, mjini. Na habari za pale chini ni nzito kuliko za juu.

Mwezi wa Oktoba 1519 Hernán Cortés aliingia Cholula na askari zake, pamoja na maelfu ya watu wa Tlaxcala waliokuwa adui za mji ule. Aliwaita wakubwa na watu wao katika ua, askari wakashika milango, kisha wakaanza kuua. Wahispania walisema kwamba walikuwa wamegundua shauri la siri la kuwamaliza. Wengine walikana, na wenye kuandika historia wanabishana mpaka leo. Lakini hesabu aliitoa Cortés mwenyewe katika barua kwa mfalme wake: kwa saa mbili walikufa watu zaidi ya 3,000. Miaka 30 baadaye, kuanzia 1549, Wafransisko walijenga monasteri ya San Gabriel mahali pa hekalu lile. Kando yake kuna kanisa lingine, Capilla Real, lenye kuba 49, lililofanywa kwa ajili ya wenyeji kwa kuwa walikuja wengi mno. (Watu wa Cholula hupenda kusema wana makanisa 365, moja kwa kila siku ya mwaka. Hayafiki hata nusu, lakini nani atawazuia?)

Tuliingia San Gabriel wakati wa Misa ya jioni. Kanisa lilijaa. Tulipiga magoti pamoja na wengine, lakini moyo haukutulia. Tulijiuliza: watoto wa watu waliouawa hapa waliipokeaje Injili kutoka kwa watu wa kabila la wauaji?

Jibu moja tulilipata katika mji mkuu. Mwaka 1523, kabla ya Wafransisko kumi na wawili wanaosifiwa sana, alifika Bruda mmoja kutoka mji wa Gent, katika nchi inayoitwa leo Ubelgiji. Wahispania walimwita Pedro de Gante. Hakuwa padri, wala hakukubali kuwa padri maisha yake yote. Alijifunza Kinahuatl, lugha ya wenyeji, akafundisha katekisimu kwa picha, akawaelimisha vijana kusoma, kuimba na kazi za mikono, mpaka alipokufa mwaka 1572. Sisi makatekista tunaweza kumwita mkubwa wetu.

Jibu la pili ni chungu zaidi, nalo liko Tlatelolco. Pale magofu ya hekalu, kanisa la Mtakatifu Yakobo na nyumba za siku hizi vimesimama katika uwanja mmoja. Tarehe 13 Agosti 1521 ndipo Waazteki waliposhindwa kabisa. Na tarehe 2 Oktoba 1968 askari wa serikali waliwaua wanafunzi katika uwanja uleule. Tarehe 6 Januari 1536 Wafransisko walifungua hapo shule ya Msalaba Mtakatifu kwa ajili ya vijana wenyeji. Walifundisha Kilatini na mambo ya akili, na wenye kuianzisha walitumaini kwamba mapadri watatoka humo. Vijana walijua Kilatini vizuri hata Wahispania wengine wakaona wivu. Kumbe, mwaka 1555 mtaguso wa maaskofu wa Meksiko ulikataza wenyeji, machotara na watu wenye damu ya Kiafrika wasipewe daraja takatifu. Baadaye sheria ile ililegezwa, lakini vijana wa Tlatelolco walikuwa wamekwisha pitwa na saa yao.

Hatusemi kwamba maaskofu wale walikuwa watu wabaya. Lakini hawakuwa na udhuru wa kutojua, kwani mwaka 1518 Papa Leo X alikuwa amemteua Henrique, mwana wa mfalme wa Kongo, awe askofu. Tena kwetu pia njia haikuwa safi. Misioni ya Mpala ilianza mwaka 1885 ndani ya boma la Storms, afisa Mbelgiji, ambaye watu wake walikuwa wamemwua mkubwa Lusinga mwaka uliotangulia. Hata hivyo kutoka nchi ile alitoka Stefano Kaoze, akapewa upadri huko Baudouinville, yaani Moba ya leo, mwaka 1917. Alingojewa muda wa miaka 32 tu.

Vijana wa Tlatelolco hawakupata altare, lakini walipata kalamu. Padri Bernardino de Sahagún alikaa nao miaka mingi, akiwauliza wazee habari za kale, na vijana wakiandika kwa Kinahuatl. Ndivyo vilivyopatikana vitabu 12 vilivyomalizika karibu na mwaka 1577, na bila hivyo tusingejua nusu ya mambo ya watu wale. Sahagún hakuficha majina ya wasaidizi wake: Antonio Valeriano wa Azcapotzalco, Alonso Vegerano na Pedro de San Buenaventura wa Cuauhtitlan, Martín Jacobita wa Tlatelolco. Tulikaa juu ya ukuta mfupi karibu na magofu, tukayaandika yote manne katika daftari, polepole, tusikosee herufi. Kisha mvua ikaanza, tukakimbilia ndani ya kanisa.