Kuinama Kabla ya Ngumi
Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule kutoka Okinawa, aliionyesha karate Tokyo mwaka 1922, akawasisitizia wanafunzi wake kwamba ajuaye kupiga asiwe wa kwanza kupiga. Neno hilo nililishika nikiwa kijana hapa Keringet, Kuresoi. Nililielewa hasa baada ya machafuko ya 2008 yaliyofuata uchaguzi wa Kenya, wazazi wa jamii zilizokimbiana waliponiletea watoto wao niwafunze karate. Tunafanyia mazoezi kwenye nyasi, viatu kando, baridi ya alfajiri ikiuma vidole. Mtoto humwinamia mwenzake kwanza, ndipo akunje ngumi. Binti yangu, aliyekuwa mwepesi wa hasira, sasa ndiye huwafunga wadogo mikanda. Mzazi wa Kuresoi, mlete mwanao Jumamosi.