Siri ya Pili ya Bwana Craddock

Machi 1885, mwanamke mdogo wa mwili, anayechechemea, aliingia katika ofisi ya jarida la The Atlantic Monthly mjini Boston na kumwambia mhariri, Thomas Bailey Aldrich, kwamba yeye ndiye Charles Egbert Craddock. Aldrich hakuamini masikio yake. Jarida lilikuwa limechapisha hadithi za Craddock tangu 1878, zote kuhusu watu wa milima ya Tennessee, na ofisini walishamchora vichwani mwao: jamaa mrefu, mwenye kifua, aliyezoea bunduki na farasi. Hata mwandiko wake ulikuwa mnene, wa wino mwingi. Kumbe ni Mary Noailles Murfree, miaka 35, ambaye homa ya utotoni ilimwacha na mguu mbovu.

Marekani nzima ilichangamkia siri hiyo. Mwanamke! Lakini kulikuwa na siri ya pili, tena haikufichwa hata, ila hakuna aliyejali kuiuliza: Craddock hakuwa mtu wa milimani.

Murfree alizaliwa karibu na Murfreesboro, mji wa tambarare uliopewa jina la baba wa babu yake. Babake alikuwa wakili, na familia ilikuwa na mashamba yaliyolimwa na watumwa hadi Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vilipoharibu utajiri huo, nyumba yao ikiwemo. Milima aliijua kupitia Beersheba Springs, mahali pa mapumziko ambapo matajiri wa tambarare walikwenda kukwepa joto. Alikuwa mgeni wa msimu. Aliwaona wenyeji, akawasikiliza vizuri tu, halafu baridi ikikaribia akarudi kwao.

Mwaka wa 1884 alikusanya hadithi nane katika kitabu, In the Tennessee Mountains, na kikanunuliwa kwa wingi. Ana sifa zake, tusimnyime. Alijua kujenga stori, na wanawake wake wa milimani wana msimamo na ujasiri kuliko wanaume wengi wanaowazunguka. Shida iko kwenye sauti. Msimulizi anaongea Kiingereza cha madoido, maneno marefu kuhusu machweo na ukungu. Mhusika akifungua mdomo, herufi zinakatwakatwa ili msomaji wa Boston asikie jinsi huyu mtu anavyoongea “vibaya”. Ni kama mtu aandike riwaya kwa Kiswahili sanifu kabisa, kisha awape Sheng wahusika wa mtaani peke yao, ili tuwacheke. Kabla hujajua mhusika anataka nini maishani, ushajua umekaa juu yake.

Na wasomaji walikaa juu kweli. Murfree hakuanza peke yake; majarida ya wakati huo yalishakuwa na njaa ya habari za “watu wa ajabu” wa milimani. Lakini yeye ndiye aliyewapa sura na sauti. Kufikia 1899, William Goodell Frost, rais wa chuo cha Berea kule Kentucky, aliandika katika jarida hilohilo la Atlantic kwamba watu wa Appalachia ni mababu zetu wanaoishi leo. Alikuwa anawatetea, akiwatafutia shule. Bado aliwaweka nje ya wakati.

Sasa angalia kilichokuwa kikiendelea. Miaka hiyohiyo, reli ilikuwa ikipanda milimani, wakataji mbao wakiingia, na mawakala wa makaa ya mawe wakinunua haki za madini kwa pesa kidogo. Katika mikataba mingi, mkulima alibaki na udongo wa juu, kampuni ikachukua kilicho chini pamoja na ruhusa ya kukichimba. Kentucky ilifika 1988 ndipo wapiga kura wakarekebisha katiba kuzuia mikataba ya zamani isitumiwe kuchimbua shamba la mtu bila idhini yake. Simsemi Murfree alileta makampuni. Ila mtu akishaitwa masalia ya zamani, ni rahisi kusema hajui thamani ya alichokalia.

Je, mgeni asiandike basi? James Still naye alikuwa mgeni, mzaliwa wa Alabama. Katika miaka ya 1930 alifika Hindman, kaunti ya Knott, Kentucky, akawa mkutubi wa shule. Alibeba sanduku la vitabu kwa miguu, akizunguka shule ndogo za vijijini. Mwaka wa 1939 alihamia nyumba ya magogo kando ya kijito, akalima bustani, akaandika. Riwaya yake River of Earth, iliyotoka 1940, inasimuliwa na mtoto wa familia inayoyumba kati ya shamba na mgodi. Hapo hakuna bwana mkubwa wa kututafsiria. Mtoto mwenyewe ndiye anayesema “mimi”, na lugha ya milimani inabebwa na mpangilio wa maneno, siyo herufi zilizovunjwa.

Still aliishi Knott hadi kifo chake mwaka wa 2001. Murfree alifariki 1922, mtindo wake ukiwa umeshapitwa na wakati, ingawa mtu wa milimani aliyemchora aliendelea kuishi kwenye sinema na vichekesho. Hakuna kati yao aliyezaliwa katika milima aliyoiandika, kwa hivyo cheti cha kuzaliwa hakiamui chochote hapa. Still aliandika akijua kwamba anaowaandika ni majirani, na kesho asubuhi watapita mlangoni kwake.